Mbona Yeye Hakuulizwa?



Juma hili nilikusudia kuwaandikia juu ya paa la kigango ambalo mvua za masika zimelichosha. Habari hiyo itangoje, kwa maana kuna mama mmoja aliniuliza swali baada ya Misa ya pili, na tangu hapo halijaniacha.

Mama huyo ni wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo za huku juu, mahali ambapo migomba inakaribia kukutana na msitu. Alimaliza darasa la saba na hakuendelea, kwa kuwa ada iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ya kaka zake. Kwa miaka mingi ameshika daftari la mfereji wetu wa asili, ule wazee wanaouita mfongo. Anajua ni ukoo upi wenye zamu ya maji Jumanne usiku, nani hakutoka siku ya kuzibua, nani anadaiwa na kwa nini. Sijapata kusikia kwamba katika daftari lile imepotea shilingi au zamu ya mtu. Mwaka 2020 alichukua fomu ya kuwania udiwani kupitia chama chake. Akaalikwa redioni pamoja na mwaniaji mwingine, bwana mmoja mwenye malori. Nilikisikiliza kipindi kile nikiwa jikoni parokiani.

Swali la kwanza kwa yule bwana lilikuwa hili: ana mipango gani kwa ajili ya kata? Swali la kwanza kwa yule mama: ana cheti gani? La pili: mumewe anasemaje? La tatu: atamudu makabrasha ya halmashauri? (Makabrasha yenyewe yameandikwa kwa Kiswahili, lugha anayoiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.) Yule bwana naye aliishia darasa la saba. Kijiji kizima kinajua, kwa sababu yeye na mama huyo walikaa dawati moja.

Baada ya siku tatu alijitoa. Hakutaka watoto wake wasikie tena mama yao akichekwa. Na Dominika iliyopita, katika mazungumzo ya kawaida tu, akaniuliza: "Baba, mbona yeye hakuulizwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale mlangoni. Leo najaribu.

Nianze na sheria, maana wengi huzungumzia "sifa za mgombea" bila kuifungua Katiba. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaka anayewania ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara ya 39 inamtaka anayewania Urais awe raia wa kuzaliwa aliyetimiza miaka 40, mwenye sifa za kuwa mbunge, naye pia awe amependekezwa na chama. Shahada haimo. Kiingereza cha kuvutia hakimo. Mume hayumo. Hayo yote huongezwa na wahariri na watangazaji. Mimi sipingi wayaongeze. Mwananchi anayo haki ya kujua zaidi ya kile kiwango cha chini kilichowekwa na sheria. Ninachopinga ni kuyaongeza kwa huyu na kuyasahau kwa yule.

Wazee wetu wanalielewa jambo hili kwa lugha ya kahawa. Chama kikuu chetu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na miongoni mwa mambo yaliyowasukuma wakulima kujiunga pamoja lilikuwa kutaka bei ya haki na mizani ya haki. Mkulima wa mteremkoni hakuilalamikia mizani kwa kuwa inapima. Alilalamika pale jiwe la kupimia lilipobadilika kati yake na jirani yake. Mfanyabiashara mwenye mizani mbili huweza kuapa mbele ya Mungu kwamba kila kilo aliipima. Maandiko Matakatifu yanamtaja mtu huyo mara nyingi, wala hayamsifu.

Sasa tuzitazame kurasa za magazeti yetu. Nitataja majina, kwa sababu mambo haya yalifanyika hadharani.

Mwaka 2010 Dk. Wilbrod Slaa aligombea Urais kupitia Chadema. Wengi wenu mnamfahamu tangu alipokuwa padre na Katibu Mkuu wa Baraza letu la Maaskofu. Baadaye aliacha upadre, akawa mbunge wa Karatu kuanzia mwaka 1995. Uamuzi wake wa kuacha daraja siutetei hapa, na si mahali pake. Lakini udaktari wake wa sheria za Kanisa aliusomea Roma, akaandika tasnifu, akaitetea mbele ya maprofesa. Katika kampeni ile nilisikia kwa masikio yangu watu wakiufanyia mzaha, eti ni udaktari wa sakristia. Wakati huohuo mshindani wake, Rais Jakaya Kikwete, ambaye shahada yake ya kusomea ni ya uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandikwa "Dk." kwa sababu ya shahada za heshima alizotunukiwa na vyuo mbalimbali. Shahada ya heshima ni jambo jema, nami simwonei mtu wivu. Ila ajabu ni kwamba aliyeusomea udaktari ndiye aliyetakiwa kuueleza, na aliyezawadiwa hakuulizwa. Desturi hiyo haikufa. Tangu Novemba 2022, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipomtunuku Rais Samia Suluhu Hassan udaktari wa heshima, kifupi cha "Dkt." kimeambatana na jina lake katika taarifa za habari bila neno la ufafanuzi.

Ndoa na nyumba ya Dk. Slaa navyo vilipelekwa ukurasa wa mbele. Gazeti la serikali, Daily News, lilifika mahali pa kuwaambia wasomaji kabla ya kura kwamba huyo hatakuwa Rais. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya wa mwaka ule waliandika kwamba vyombo vya umma vilikipendelea chama tawala. Hata hivyo zaidi ya robo ya wapiga kura walimchagua.

Ngojeni, habari haijaisha. Tarehe 1 Septemba 2015 mtu huyohuyo, mwenye shahada ileile na historia ileile, aliitisha mkutano na waandishi wa habari jijini Dar es Salaam akaeleza kwa nini ameachana na chama chake kilichokuwa kimempokea Edward Lowassa. Mkutano ule ulirushwa moja kwa moja na vituo vya televisheni. Ghafla Dk. Slaa akawa mwenye msimamo, msomi, mtu wa kusikilizwa. Upadre aliouacha haukuwa tena doa. Aliyegeuka si Slaa. Aligeuka yule ambaye maneno ya Slaa yalimfaa.

Na msidhani nawatetea wapinzani. Septemba 2007, pale Mwembe Yanga, Chadema waliwataja hadharani watu waliowaita mafisadi, na Bw. Lowassa alikuwamo. Februari 2008 alijiuzulu Uwaziri Mkuu kwa sababu ya sakata la Richmond. Kwa miaka saba magazeti yaliyoelemea upinzani yalimwandika kama mtu asiyestahili hata kuongoza mtaa. Julai 2015 alipohamia kwao, wino ukabadilika rangi kwa usiku mmoja. Sijasahau vijana wetu wa hapa Moshi waliokuja kuniuliza kwa unyofu kabisa: "Baba, kumbe tulidanganywa wakati ule, au tunadanganywa sasa?" Mzee Lowassa amekwisha kutangulia mbele ya haki, Februari 2024, na Mungu ndiye hakimu wake. Swali la wale vijana lingali hai.

Katika kampeni zile za 2015 jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa afya. Mwili wa Lowassa ulichunguzwa na kamera kama ng'ombe mnadani: mikono yake, mwendo wake, urefu wa hotuba yake. Naye Dk. John Magufuli alipiga pushapu jukwaani, picha zikaenea, na wengi tukaridhika kwamba huyu ni mzima. Machi 2021, Makamu wa Rais wa wakati ule, Mama Samia, alipolitangazia taifa msiba wa Rais, alieleza kwamba marehemu alikuwa na tatizo la moyo kwa zaidi ya miaka kumi. Hesabuni wenyewe. Wakati wa zile pushapu ugonjwa ulikuwapo. Sisemi kwamba mgonjwa wa moyo hafai kuongoza, na wengi wenu mnaishi na ugonjwa huo huku mkifanya kazi kubwa. Nasema kwamba kama afya ilikuwa swali halali, ilipaswa kuulizwa kwa wote wawili. Badala yake mmoja alipekuliwa na mwingine alipigiwa makofi. Na katika siku zile za mwanzo wa Machi 2021, wananchi waliouliza Rais yuko wapi walikamatwa na polisi. Tulifika huko kutokana na mazoea ya kumuuliza mmoja na kumwacha mwingine.

Nipite haraka kwenye habari ya muziki, maana inachekesha. Joseph Mbilinyi, Sugu, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, kulikuwa na mshangao mwingi: mwanamuziki ataweza nini bungeni? Lakini bungeni humohumo alikuwapo Kapteni John Komba, mbunge wa Mbinga Magharibi tangu 2005, ambaye nyimbo zake na kundi la TOT zilikuwa moyo wa kampeni za CCM. Sikumbuki kusoma popote kwamba uimbaji ulimpungukia Kapteni Komba kitu. Vivyo hivyo Freeman Mbowe wa huku kwetu Machame: tangu alipogombea Urais mwaka 2005, klabu yake ya Bilicanas haikukosa kutajwa, akaitwa DJ hadi leo. Ni wabunge wangapi wenye baa, wapendwa, na ni nani anayewaita wauza pombe?

Tena tazameni elimu. Joseph Kasheku, maarufu Musukuma, aliyeingia bungeni kutoka Geita mwaka 2015, husema mwenyewe kwa fahari kwamba ni wa darasa la saba. Mimi nampongeza. Sheria inamruhusu na watu wake walimtaka. Waandishi humchukulia kwa ucheshi na upendo. Basi ningependa ucheshi na upendo huo ungetosha kumfikia na mama wa mfereji.

Huyo mama anao wenzake wenye vyeti vingi. Mwaka 2015, kati ya wagombea wanane wa Urais, mwanamke alikuwa mmoja tu, Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo. Alisomea teolojia Makumira, akasomea sheria Dar es Salaam, akaongeza shahada ya uzamili ya sheria Uingereza. Kwa karatasi, alikuwa miongoni mwa wasomi wa kinyang'anyiro kile. Lakini niliyoyasoma juu yake mara nyingi yaliishia kwenye maneno "mgombea pekee mwanamke", kama kwamba hiyo ndiyo sera yake. Alipata kura zisizofika asilimia moja. Mwaka 2017 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Kilimanjaro, na ndipo wengi wetu tukagundua kwamba anajua kuzungumza. Alifariki Julai 2021. Mwanamke asipokuwa na cheti huulizwa cheti. Akiwa navyo vitatu, huulizwa juu ya uanamke wake.

Lipo pia jambo linaloumiza watu wa mlima huu, nalo ni kabila. Augustino Mrema wa Vunjo alipogombea mwaka 1995 akapata zaidi ya robo ya kura, Uchagga wake ulijadiliwa kama vile ni kipengele cha Katiba. Benjamin Mkapa alitoka Masasi, na sikumbuki uchambuzi mrefu juu ya kabila lake. Chadema, kilichoasisiwa mwaka 1992 na Mzee Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kimeitwa mara nyingi chama cha Wachagga. Ni kweli tunaonewa hapo. Ila tuseme na ukweli wa upande wetu: ni wangapi kati yetu walimpigia Mrema kura mwaka ule baada ya kupima hoja zake, na ni wangapi walimpigia kwa sababu ni mtoto wa nyumbani? Na Mzee Philemon Ndesamburo, Mungu amrehemu, tuliyemchagua Moshi Mjini mwaka 2000, 2005 na 2010, je, tulimuuliza cheti? Hatukumuuliza. Tulimpenda. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wengine wataniambia: "Baba, unawatetea wasio na elimu na wenye vyeti vya kughushi." Hasha. Kughushi ni uongo na wizi. Lakini kumbukeni Aprili 2017 pale Dodoma, Rais alipopokea taarifa ya uhakiki: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Katika jumuiya zetu walikuwamo. Niliwatembelea baadhi yao, na sikuwapa maneno ya kuwahalalisha. Lakini uhakiki ule haukuwagusa mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya. Iliezwa kwamba hao ni viongozi wa kisiasa, na kwao kujua kusoma na kuandika kunatosha. Lakini ikiwa kunatosha, kunatosha kwa wanasiasa wote, hata yule ambaye mhariri hampendi. Na kughushi cheti ni dhambi hata pale ambapo cheti hakikuhitajika. Kwa siku kadhaa magazeti yalichapisha idadi ya walioondolewa. Swali la walioachwa lilichoka mapema.

Kwa nini waandishi wetu wanafanya hivi? Sidhani kwamba ni watu wabaya. Nawafahamu kadhaa, na baadhi yao huimba kwaya. Wengi hulipwa kwa habari moja moja, malipo yasiyotosha nauli. Huenda kwenye mkutano wa mgombea kwa gari la mgombea, hula chakula cha mgombea, na hurudi na bahasha ya mgombea. Wenye vyombo nao ni wafanyabiashara au wanasiasa, na matangazo ya serikali ndiyo yanayolipa mishahara. Tena ipo hofu. Mwaka 2017 magazeti kadhaa yalifungiwa. Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni mwaka 2020, na leseni yake pamoja na za mengine matatu zikarudishwa Februari 2022. Mtu aliyekwisha kuona mwenzake akifungiwa hujifunza nani wa kumuuliza maswali magumu na nani wa kumuuliza mipango.

Lakini wao wenyewe walionja. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilitaka mwandishi awe na angalau stashahada. Waandishi waliofanya kazi miaka ishirini wakiwa na cheti tu walilalamika, na kwa haki: uzoefu wetu je? Kazi zetu zinazoonekana je? Hayo ndiyo maneno ambayo mama wa mfereji angelijibu redioni kama angelipewa nafasi ya kumaliza sentensi. Sijui kama mtangazaji yule aliyakumbuka.

Mwaka 2025 mambo yalikwenda mbali zaidi, maana Chadema hakikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura na mgombea Urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Yaliyofuata baada ya Oktoba 29 mnayajua, na tumewaombea marehemu. Sitayaeleza leo. Nataja tu kwamba mwenye kuzoea kumtoa mtu kwa maswali ya upande mmoja haoni ajabu siku anapotolewa bila swali lolote.

Kabla hamjawakasirikia wenye redio, nitazameni na mimi. Katika uchaguzi wa mwisho wa Halmashauri ya Walei jina la mama huyu lilitajwa, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba tunahitaji mtu mwenye elimu, atakayeweza kukutana na Baba Askofu. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao kile. Nilinyamaza. Tukamchagua bwana mwenye gari, kwa kuwa gari linasaidia. Hatukumuuliza cheti. Mtakatifu Yakobo aliandika juu ya mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri kusanyikoni huku maskini akiambiwa asimame kando. Nimehubiri somo hilo mara nyingi, na siku ile nilikuwa nimeketi karibu na mwenye pete.

Basi nawaalika. Jumamosi ijayo, saa nane mchana, ukumbini. WAWATA na VIWAWA nimekwisha kuwaambia. Kila jumuiya ilete magazeti ya zamani ya nyakati za uchaguzi, yale mnayofungia sahani na kuwashia moto, pamoja na penseli. Tutachukua wagombea wawili wawili na kuandika maswali waliyoulizwa, huyu upande wa kushoto na yule upande wa kulia, kisha tutahesabu. Mtangazaji wa kipindi kile cha redio nimemwalika pia, naye amekubali kuja. Daftari la kuandikia litashikwa na mama wa mfereji. Nilimwomba Jumatano. Akaniuliza kama patahitajika cheti.

Wenu katika Kristo,
Paroko